Popo anayelindwa, ua linalouzwa

Popo mkubwa wa Pemba na ua dogo la zambarau la milima ya Usambara vyote vilipewa majina ya Wajerumani. Popo aliingia vitabuni mwaka 1909 kwa jina la mtafiti Voeltzkow. Ua lilichukua jina la Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Tanga aliyeliona mwaka 1892 na kupeleka mbegu kwao. Baada ya hapo kila kimoja kikashika njia yake, na njia hizo ndizo zilizonipeleka Kidike, kaskazini ya Chake Chake, kisiwani Pemba.

Mzee anayewalinda popo aliokota kitu chini ya mti akanitia kiganjani: donge la nyuzi za embe, kavu, limekuwa bapa. Popo hamezi nyama ya tunda, alinieleza. Huitafuna, akaikandamiza kwenye kaakaa kwa ulimi, akafyonza maji na kutema makapi. Juu yetu popo walining'inia mchana kweupe, manyoya yana wekundu wa kutu, wengine wakijipepea kwa bawa. Popo akikunjua mabawa yote mawili, hufika kama mita 1.6. Jike huzaa mtoto mmoja, akamkumbatia kifuani.

"Huyu hana kwao kwengine, mwanangu. Ukimmaliza hapa, ushammaliza dunia nzima."

Na nusura watu wammalize. Zamani tukiwala, alisema bila kuficha. Bunduki zilipozidi, popo wakapukutika. Mwaka 1989 watafiti waliona wachache mno. Vijiji vikaunda vilabu vya ulinzi, na miaka ya 2000 hesabu ikakaribia 20,000.

Ua, tofauti na popo anayezaa mtoto mmoja, halina shida ya kuzaa. Chomeka jani moja udongoni, utapata miche. Ndivyo lilivyojaza madirisha ya Ulaya na Marekani. Kwenye miamba yenye unyevu huko Amani, Usambara, mambo ni mengine. Huko linamngoja nyuki avume juu ya vifuko vyake viwili vya manjano hadi chavua imwagike, na mti wa kivuli ukikatwa, jua hulikausha.

Nilimwonyesha mzee picha ya ua hilo kwenye chungu cha dukani. Akaitazama sana.

"Wanunuzi wanajua kama ni la Tanga?"

Wajerumani angalau huliita urujuani wa Usambara, nikamjibu.

"Na wauzaji, huko mlimani wanalipa nini? Hapa mgeni akija kumtazama popo, anakata tiketi."