Radi Isiyonguruma

Jina la Sumbawanga likitajwa Dar es Salaam, hakosekani wa kutania kuhusu radi za kutumwa. Sisi wa Rukwa tumeuzoea utani huo, na baadhi yetu tumeuamini. Hapo ndipo unapoacha kuchekesha, maana radi ikiua mtu, badala ya kutazama paa na miti, watu huanza kumtafuta aliyeituma.

Radi inayowapa nguvu zaidi wanaoamini hivyo ni ile ya kimya. Msimu wa mvua, ukisimama Matai usiku na kutazama upande wa Ziwa Tanganyika, kuna siku utaona anga la huko likiwaka na kuzimika, mawingu yaking'aa kwa ndani kama taa, wala husikii ngurumo hata moja. Juu yako nyota zimejaa. Mtu atakwambia radi isiyo na mlio si ya Mungu.

Ni ya Mungu kama nyingine zote. Imenguruma vilevile, ila ngurumo yake imepita juu ya kichwa chako.

Simaanishi lile la mwanga kutangulia sauti, ambalo kila mtoto wa shule analijua: hesabu sekunde tangu umeme umulike, gawanya kwa tatu, upate kilomita. Kama jambo lingekuwa la mwendo tu, ngurumo ya kilomita 60 ingekufikia baada ya dakika tatu hivi. Ukingoja dakika tatu, na nyingine tatu, haiji. Sauti hufifia njiani, ni kweli, lakini kufifia peke yake hakutoshi kueleza ukimya mkubwa namna hiyo kutoka kwa kitu kinachopasha hewa joto hadi kufikia nyuzi 30,000 hivi, mara tano ya uso wa jua.

Kinachoificha ni baridi ya juu. Sauti hukimbia zaidi kwenye hewa ya joto: nyuzi 30 za Selsiasi huipa mita 349 hivi kwa sekunde, nyuzi 10 huipa 337. Na hewa hupoa kadiri unavyopanda, kama nyuzi sita na nusu kwa kila kilomita. Ndiyo maana Kasanga, kule ziwani, watu hutoka jasho, na huku juu Ufipa tunavaa sweta.

Sasa mwulize mkulima yeyote wa Ufipa aliyewahi kushika plau. Maksai wawili wamefungwa nira moja. Wa kulia akichapuka na wa kushoto akizembea, jozi nzima hukata kushoto, kwa yule mzembe. Wimbi la sauti nalo ni hivyo. Sehemu yake ya chini, iliyo kwenye hewa ya joto, hutangulia. Ya juu, kwenye baridi, hubaki nyuma. Basi wimbi zima hukata kuelekea juu. Ngurumo iliyoanza safari ikiwa sambamba na ardhi huinuka kidogo kidogo, na kufika kilomita 15, au 25 kwa radi iliyo juu sana mawinguni, imeshaiacha ardhi kabisa. Kuanzia hapo kuna kivuli cha sauti. Uliye ndani yake unaona kila kitu na husikii chochote.

Mwanga nao hupinda, ila kidogo mno. Yale maji ya uongo unayoyaona mchana kwenye lami ya Sumbawanga hadi Matai, mazigazi, ni kazi ya kanuni hiyohiyo. Lakini wingu la radi lenye urefu wa kilomita 12 na zaidi halihitaji kupindiwa mwanga ili lionekane kutoka mbali.

Ninachokipenda zaidi ni kinyume chake. Juni na Julai, alfajiri, ardhi ya Ufipa hupoa kuliko hewa iliyo juu yake. Sasa mzembe yuko chini, na sauti hukata kurudi ardhini. Kengele ya kanisa la mbali na mashine ya kusaga ya kijiji cha pili husikika kana kwamba viko uani kwako. Watu husema upepo umeileta sauti, hata kama jani halitikisiki. Jua likishapasha ardhi, mashine inaendelea kusaga kama kawaida na huisikii tena.

Hata sauti iliyokwisha kupanda huweza kurudi. Februari 1901, mizinga ya kumuaga Malkia Victoria ilipopigwa kusini mwa Uingereza, ilisikika zaidi ya kilomita 100 bara, ilhali sehemu za karibu zaidi hazikusikia kitu. Mlio ulipanda hadi kwenye tabaka la hewa ya joto lililo makumi ya kilomita angani, ukapindwa kurudi chini.

Na kwa nini radi ziwani usiku? Maji ya Tanganyika hubaki na joto, hewa baridi huteremka kutoka kwenye miinuko ya pande zote mbili, hukutana katikati na kuisukuma juu ile yenye unyevu. Ukanda wetu wa maziwa una radi kwelikweli. Vipimo vya setilaiti vilivyochapishwa 2016 viliipa Kabare, Kivu Kusini, mimweko 205 kwa kilomita moja ya mraba kwa mwaka. Duniani imezidiwa na Ziwa Maracaibo la Venezuela tu, lenye 232.

Kwa hiyo hasira zangu haziko kwa mchawi. Mwaka 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika shule moja ya Kiryandongo, Uganda. Mwaka 2018 iliua sita Geita. Bado tunajenga madarasa, tunaezeka bati, tunapaka rangi, tunaalika mgeni rasmi, na waya wa shaba wa kushusha radi ardhini haumo kwenye bajeti. Ukiwemo, ulindwe, maana shaba ina wanunuzi wa chuma chakavu. Na ukimya usikudanganye: ngurumo ikishasikika, hata kwa mbali, umetoka kivulini na radi inaweza kukufikia, basi ondoka shambani.

Elimu hii ya kupinda ina kazi nyingine: nyambizi hujificha chini ya tabaka la maji linalopinda sauti, wataalamu hupima joto la bahari kwa mlio, wajenzi wa barabara hukadiria kelele za usiku. Na redio ya mawimbi ya kati hukwaruza kila radi inapopiga, hata ile ya kimya, kwa kuwa mawimbi ya redio ni ndugu wa mwanga na kivuli cha sauti hakiyahusu.