Kompresa Inapogonga: Tazama Kilicholegea na Kilichokosekana



Wengi wetu tukitoka kazini hatuendi kupumzika. Mshahara hautoshi, kwa hiyo nyumbani tunayo kazi ya pili: kujaza upepo matairi ya baiskeli na pikipiki, au kupaka rangi milango ya chuma. Chombo chetu ni kompresa ndogo ya umeme, mara nyingi iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine. Hutufikia ikiwa na upungufu: nati hii haipo, kinga ile imeondolewa. Tunaeleza hapa jinsi ya kuitengeneza, na ni kipande gani kisichofaa kubahatishwa.

Kwanza tuijue nguvu iliyomo. Kompresa nyingi za namna hii hujaza tangi hadi kipimo cha bar 8 hivi, yaani kama psi 116. Maana yake ni kwamba kila sentimeta moja ya mraba ndani ya tangi husukumwa kwa uzito wa karibu kilo 8. Ubavu wa mwisho wa tangi lenye kipenyo cha sentimeta 30 hubeba zaidi ya tani 5. Kwa hiyo, kabla ya kushika spana, zima mashine, chomoa plagi, fungua koki ya chini ya tangi na utoe upepo wote pamoja na maji. Geji ikifika sifuri, ndipo uanze kazi.

Kelele ya kugonga. Mara nyingi fundi hudhani kwamba pistoni imekufa, akaifungua pampu nzima bure. Anza na vitu vya nje. Shika gurudumu la pampu na puli ya mota, ujaribu kuvitikisa. Puli ikicheza juu ya shafti, tazama skrubu inayoibana na ile kabari ndogo ya chuma inayokaa katika mfereji wa shafti. Kabari ikikosekana, usiweke kipande cha msumari; kitasagika na kuuharibu mfereji. Chonga kabari ya chuma inayojaa mfereji sawasawa, kisha kaza skrubu.

Mkanda. Weka rula ndefu juu ya nyuso za puli zote mbili kuhakikisha kwamba zimenyooka. Bonyeza mkanda katikati kwa kidole: ukishuka kama sentimeta moja, umekazwa vizuri. Bolti za mota na miguu zikazwe pia, maana mtikisiko ndio unaolegeza vingine vyote. Bolti za kichwa cha pampu hukazwa kidogo kidogo kwa kukingamisha, wala si kwa kuzunguka upande mmoja, ili gasketi isipasuke.

Upepo unaovuja baada ya mota kuzima. Upepo ukiendelea kutoka penye swichi ya kipimo, lawama mara nyingi si ya swichi. Ni ile vali ya kuzuia upepo usirudi, iliyo mahali bomba la pampu linapoingia katika tangi. Uchafu umeizuia kufunga, au springi yake imekatika. Ifungue tangi likiwa tupu, isafishe, na kama imekwisha weka nyingine. Viungo vingine vipakwe povu la sabuni. Penye mapovu ndipo panapovuja.

Sasa tunafika kwenye jambo zito. Vali ya usalama ndiyo inayotoa upepo pale swichi inaposhindwa kuzima mota. Tumeona mashine ambazo vali hiyo ilikuwa ikivuja, na fundi akaitoa akaziba tundu kwa bolti. Mashine ikanyamaza, mwenyewe akafurahi. Siku swichi itakapokwama, upepo hautakuwa na njia ila kulipasua tangi. Vali hii inunuliwe mpya, yenye kipimo kisichozidi kile kilichoandikwa juu ya tangi. Na tangi lililoliwa na kutu hadi kuvuja lisichomelewe: limekwisha kazi yake.

Vivyo hivyo kinga ya mkanda. Mkataba namba 119 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1963, unasema kwamba mfanyakazi asitumie wala asilazimishwe kutumia mashine ambayo kinga zake hazipo mahali pake. Kiwandani tunalidai jambo hili kwa meneja, na tukikataliwa tunaleta malalamiko kwa chama. Je, nyumbani tumdai nani? Hapo hakuna meneja wala fidia. Sisi wenyewe ndio mwajiri. Na yule kijana anayetusaidia kushika mpira wa upepo ndiye mfanyakazi wetu. Akikatwa vidole na mkanda usio na kinga, tutamjibu nini mama yake? Kipande cha wavu wa chuma kilichofungwa kwa bolti nne chatosha kuwa kinga.

Ndugu, kipande kidogo kikianguka, kitafute hadi kikipate. Huenda kimeingia ndani ya mota. Kisipopatikana, mashine ilale. Fedha ya siku moja hupatikana tena, lakini jicho halina spea. Yale tunayoyadai kazini kwa umoja wetu, tuyatimize pia uani kwetu.