Sumu ya Nyoka Haiko Tumboni

Shule zikikaribia kufungwa, simu yangu huanza kulia, na swali huwa lile lile. Familia inakwenda kupiga kambi na kupanda vilima, watoto wamekataa katakata kumwachia mlinzi mbwa wao, na mzazi mmoja amepewa kazi ya kumuuliza daktari wa mifugo: “Daktari, nibebe pakiti ngapi za maziwa, endapo mbwa ataumwa na nyoka?” Wiki iliyopita niliulizwa mara tatu. Mama wa tatu alitaka kujua kama ya unga yanafaa, maana hayaharibiki njiani.

Nilimjibu kwa upole ambao sina hakika kama nitaupata tena. Ndiyo maana naandika.

Usibebe hata moja kwa kazi hiyo. Maziwa si dawa ya sumu ya nyoka, si ya ng'ombe, si ya mbuzi, si ya ngamia, si mabichi wala ya kuchemsha. Najua bibi yako aliyatumia na mbwa akapona. Nitamfikia bibi.

Tuanze na mahali sumu inapoingilia. Nyoka wengi wakisikia kishindo cha baba, mama na watoto wanne wanaogombania chupa ya maji, hujiondokea mapema. Bafe, ambaye Watanzania wengi humwita kifutu, hana desturi hiyo. Yeye hulala pale pale njiani akitegemea rangi ya ngozi yake impoteze kwenye majani makavu, na ukimkaribia hujivimbisha na kufoka. Binadamu akisikia mfoko huo husimama. Mbwa husogea ili asikie vizuri. Kwa hiyo wagonjwa wangu huumwa sana puani, midomoni na miguu ya mbele. Meno ya bafe ni marefu, na sumu yake huachwa ndani ya nyama, chini ya ngozi, ambako huanza kuozesha na kuvimbisha papo hapo, huku sehemu nyingine ikichukuliwa na limfu kuelekea kwenye damu.

Sasa nioneshe njia ambayo maziwa yaliyomiminwa tumboni yatafuata mpaka yafike kwenye pua iliyovimba. Haipo. Tumbo la mbwa halijui kwamba kuna dharura. Litayafanyia maziwa yale kama linavyoyafanyia maziwa ya kila siku: protini zitakatwakatwa, mafuta yatasagwa, na kwa kuwa mbwa wengi wakubwa hawaiwezi vizuri sukari ya maziwa, saa chache baadaye mtakuwa na mbwa mwenye sumu na kuhara pia. Hakuna tone litakaloingia kwenye mshipa likiwa bado ni maziwa, seuze kupigana na chochote humo.

Kama ingekuwa kazi bure tu, nisingepoteza wino. Ubaya ni kwamba maziwa huua. Sumu ya koboko hulegeza misuli, ikiwemo ile ya kumezea na ile ya kupumulia. Ukimmiminia kitu mdomoni mbwa asiyeweza kumeza, unamzamisha akiwa nchi kavu. Aliyeumwa na bafe usoni naye ana ulimi na koo vinavyovimba kila dakika, na kila mnachomkabidhi kitatafuta njia ya mapafu.

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa mbwa dume, Simba, wa kilo 30 hivi, kutoka kambi moja upande wa Magadi. Bafe alikuwa amemuuma mguu wa mbele. Wenyewe hawakuja moja kwa moja. Walisimama kwenye kituo cha biashara wakatafuta maziwa, wakapata lita mbili, mmoja akamshika mbwa taya na mwingine akammiminia kwa chupa ya soda. Saa mbili zikapotea hapo. Simba aliishinda sumu: mguu ulipoteza kipande cha ngozi, ukafungwafungwa bandeji, ukapona. Kilichotaka kumwondoa siku ya tatu kilikuwa nimonia, kwa sababu maziwa yalikuwa yameingia mapafuni. Matibabu ya mapafu yaligharimu kuliko matibabu ya nyoka, na baba mwenye mbwa alipoona bili alinikumbusha kwamba, hata hivyo, maziwa yalisaidia. Mbwa si amepona?

Hapo ndipo bibi anapoingia. Imani hii haijadumu kwa sababu watu ni wajinga. Imedumu kwa sababu mara nyingi huonekana kama imefanya kazi. Nyoka wengi wa huku kwetu hawana sumu ya kumdhuru mbwa. Mbwa kaumwa na nyoka wa nyumbani asiye na lolote, kanyweshwa maziwa, kapona, na sifa zimekwenda kwa ng'ombe. Nyoka wenye sumu nao mara nyingine huuma bila kuimwaga, kwa kuwa sumu ni mtaji wao wa kuwindia na hawapendi kuifuja kwa mnyama wasiyeweza kummeza. Hapo pia maziwa husifiwa. Wale waliokufa baada ya kunyweshwa hatuwasikii wakisimuliwa, au tunaambiwa maziwa yalichelewa.

Kisha kuna mafundi rangi. Kila aliyewahi kujenga nyumba amewaona: jioni lazima wapate pakiti ya maziwa ya kusafisha kifua. Wafanyakazi wa saruji nao hivyo hivyo. Moshi na vumbi viko mapafuni, maziwa yanapita kwenye umio, na njia hizo mbili hazikutani isipokuwa kwa ajali kama ile ya Simba. Lakini mtu aliyezoea tangu utoto kwamba maziwa husafisha sumu ya kifuani, kumshawishi kuwa hayasafishi ya mguuni ni kazi kubwa. Kwa sumu ya kumezwa, ile ya chambo cha kuulia fisi au wadudu ambayo mbwa anaweza kuiokota karibu na mashamba, ni vivyo hivyo: maziwa hayaizimi, na mafuta yake huweza kuzisaidia baadhi ya sumu kupenya haraka zaidi.

Kuna mahali pamoja tu ambapo maziwa na nyoka vina uhusiano, na nashuku uvumi wote ulichipukia hapo. Swila wapo wanaotema sumu machoni. Mmoja wao, mkubwa kuliko swila wote watemao, anapatikana hapa hapa Kenya, pamoja na pwani ya Watamu; mwaka 2007 wanasayansi walimtambua rasmi kuwa spishi peke yake na kumwita Naja ashei, kwa heshima ya James Ashe, aliyeanzisha kituo cha nyoka cha Bio-Ken huko Watamu. Sumu hiyo ikiingia jichoni huunguza vibaya na isiposafishwa huweza kupofusha. Dawa ya kwanza ni kuosha, kuosha, kuosha, kwa dakika 15 au 20, kwa maji safi yanayotiririka. Kama maji yamekwisha na mna maziwa, oshea maziwa. Kama mna chai baridi isiyo na sukari, oshea chai. Kinachofanya kazi ni kumiminika, hakuna ubora wowote ndani ya maziwa yenyewe. Ni jicho, linafikika, na sumu iko juu yake. Kutoka hapo kwenda kummiminia mbwa lita mbili kooni kwa sababu kaumwa mguu ni safari ambayo hakuna aliyenieleza ilivyofanyika.

Nisisahau jiwe la nyoka, maana nikikataa maziwa ndilo linalofuata. “Basi, daktari, nibebe lile jiwe jeusi?” Jiwe hilo kwa kawaida ni kipande cha mfupa wa ng'ombe uliochomwa. Hunata kwenye kidonda kwa sababu mfupa uliochomwa una vitundu vinavyofyonza unyevu, na ndivyo ungenata hata kwenye ulimi wako. Watafiti waliwahi kuwachoma panya sumu za nyoka wa Afrika, ya bafe ikiwemo, kisha wakawawekea jiwe. Halikusaidia. Kata kwa wembe, nyonya, funga kamba ya kiatu mpaka mguu ugeuke rangi, paka petroli: vyote hivyo vitupe pamoja na jiwe. Kufunga kamba kwa nguvu kwenye mguu ulioumwa na bafe huifungia sumu inayoozesha mahali pamoja, na nimewahi kukata mguu ambao nyoka peke yake asingeuchukua.

Kinachotibu ni dawa ya sumu ya nyoka, ile inayotengenezwa kwa kuwachoma farasi sumu kidogo kidogo mpaka damu yao itengeneze kinga, ambayo husafishwa na kutiwa kwenye chupa. Ndiyo hiyo hiyo wanayopewa watu. Huingia kupitia mshipani, polepole, mgonjwa akiangaliwa, kwa sababu inaweza kuzusha mzio mkali. Na ile iliyo katika hali ya maji hukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Kwa hiyo msiniombe niwauzie ya kubeba kwenye mkoba. Tena dozi yake haifuati kilo. Nyoka hakumpima mbwa kabla ya kumuuma, na kiasi kile kile cha sumu kikiingia kwenye kijibwa cha kilo 5 ni balaa kubwa kuliko kikiingia kwa yule wa kilo 40. Anayetaka nusu chupa kwa nusu bei kwa kuwa mbwa wake ni mdogo, amelielewa jambo kinyume. Ni ghali, naam, na si kila kliniki huwa nayo.

Basi akiumwa: ondoeni watoto, kisha mbwa, mfungueni ukosi na mikanda ya kifuani upesi, maana shingo itavimba na ukosi utamnyonga, angalieni saa, mbebeni mpaka kwenye gari, asitembee, msimpe kitu mdomoni, wala diklofenaki au vidonge vyenu vya maumivu, ambavyo humtoboa mbwa tumbo, msimuue nyoka mniletee, kichwa kilichokatwa bado huuma, endesheni.

Mengine nayasema mbio. Kwanza, mahali: mbwa haruhusiwi kwenye hifadhi za taifa, Kenya wala Tanzania, na Longonot na Hell's Gate, ambako nusu ya wanaonipigia wanataka kwenda, ni hifadhi za taifa. Msibishane na askari wa getini. Sababu ipo: mwaka 1994 virusi vya distempa viliua simba wapatao 1,000 wa Serengeti, karibu theluthi moja ya wote, na virusi hivyo vilitoka kwa mbwa wa vijijini. Msitu wa Karura unapokea mbwa wakiwa kwenye kamba. Mashamba na kambi za watu binafsi, ulizeni kabla ya kulipa. Chanjo ya kichaa cha mbwa na ya distempa iwe imechomwa walau mwezi mzima kabla, si asubuhi ya safari. Kupe: kidonge au ukosi wa dawa kutoka kliniki, na kila jioni mpapase masikioni na katikati ya vidole, wala msimpake oili chafu ya gari kuua kupe: huunguza ngozi na huingia mwilini akijilamba, iacheni kwa mafundi. Mkirudi kutoka nyanda zenye mbung'o, kama Shimba Hills, na wiki chache baadaye macho yake yakaingia ukungu, msinunue dawa ya macho, mleteni apimwe damu. Tembeeni alfajiri, pumzikeni saa sita, na mbwa wa pua fupi abaki nyumbani, kwa sababu mbwa hupoa kwa kuhema na huyo hana pua ya kuhemea. Kamba iwe fupi, mita mbili zatosha, na anayeishika atembee mbele ya mbwa penye nyasi ndefu. Usiku tumieni tochi hata kwa hatua kumi za kwenda chooni, maana bafe hutoka giza likiingia. Mbwa alale ndani ya hema. Kumfunga nje awalinde ni kumwandalia chui karamu. Chui anampenda sana mbwa, na si kwa urafiki.

Na kabla hamjafunga mizigo, pigeni simu kliniki mbili za mifugo zilizo karibu na kambi, pamoja na hospitali kubwa ya eneo hilo, muulize: mna dawa ya sumu ya nyoka leo? Wakisema hawana, ulizeni nani anayo na ni mwendo wa saa ngapi. Andikeni namba zao kwenye karatasi, kwa sababu huko mabondeni mtandao hupotea. Katika wale watatu walionipigia wiki iliyopita, hakuna aliyeuliza hilo.