Fundi wa Tovuti Akaaye Ndalambo

Tangu mwaka 2009, ulipowasili Dar es Salaam mkongo wa intaneti wa SEACOM upitao chini ya bahari, umbali baina ya fundi wa tovuti na mteja wake umezidi kupungua, hata kijana akaaye Ndalambo, wilayani Momba, aweza leo kumtumikia mfanyabiashara wa Tunduma, au wa Nakonde ng'ambo ya mpaka, pasipo kupanda gari. Lakini na aanze kwa kumfikiria msomaji wa tovuti, ambaye aghalabu hana kompyuta, bali ana simu ya bei nafuu na bando dogo. Kwa mfano, picha ya magunia ya ufuta iliyopigwa kwa simu yaweza kuwa na megabaiti 4. Ikipunguzwa upana hadi pikseli 1,000 na kubanwa, yaweza kushuka chini ya kilobaiti 200, na jicho lisitambue tofauti. Kazi hii ya kupunguza picha, ambayo wengi huidharau, kwangu mimi ndiyo adabu ya kwanza ya fani hii.

Kisha yaja maafikiano, nayo yaandikwe kabla ya kazi: idadi ya kurasa, muda, marekebisho, na malipo ya awali. Jina la tovuti liishialo kwa .co.tz, ambalo husajiliwa kupitia mawakala walioidhinishwa, liandikishwe kwa jina la mteja mwenyewe, wala si la fundi. Maana fundi akihama au akifariki, si haki biashara ya watu ifungwe pamoja naye. Nawasihi vijana wetu: mkabidhini mteja nywila zake zote siku ile ile amalizapo kulipa.