Kadari si Kisingizio: Funzo la Mahindi ya Machakos



Kila msiba uingiapo nyumbani, huulizwa: ikiwa Mwenyezi Mungu alikwisha kulijua jambo kabla halijatokea, mja ana hiari gani? Na mtoto asiye na dhambi huteseka kwa nini? Huko Machakos swali hili liliingia hadi ghalani.

Mwaka 1981 wagonjwa 20 wa wilaya hiyo walilazwa hospitalini kwa maradhi ya ini, 12 wakafariki. Mwaka 2004 balaa likarudi kwa ukubwa zaidi. Katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika waliugua watu 317, na 125 kati yao wakafa. Sababu ilikuwa sumukuvu, sumu itokanayo na kuvu inayoota katika mahindi yenye unyevu. Mvua zilinyesha nje ya msimu wakati wa mavuno, na wengi wakayahifadhi mahindi ndani ya nyumba kabla hayajakauka. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa.

Je, Mwenyezi Mungu hakujua? Alijua, wala hakuna kitokacho nje ya ujuzi na uwezo Wake. Lakini kujua si kulazimisha. Mama amjuaye mwanawe hutambua mapema kuwa atachukua tende na kuacha uji. Ujuzi wake hausukumi mkono wa mtoto. Na ujuzi wa Mola ni mkamilifu, hauna mfano. Mja huulizwa kwa alichokichagua hali anajua; wala hatwishwi asiloliweza.

Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham aliambiwa kuna tauni, akaamua kurudi. Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akajibu kuwa anaitoka kadari Yake kuiendea kadari Yake, akapiga mfano wa mchunga ngamia aliyeshuka bonde lenye upande wa majani na upande mkavu: popote atakapolisha, ni kwa kadari. Basi kuanika mahindi nako ni kadari.

Ama mtoto aliyekula alichopikiwa, yeye hakuchagua. Hapa tuuchunge ulimi. Nabii Musa (A.S.) hakuweza kustahimili matendo ya Khidhri mpaka alipofunuliwa siri yake, seuze sisi! Hatuna haki ya kumwambia mama aliyefiwa kwamba hiyo ni adhabu, wala kumhesabia “lau ungalifanya hivi”. Mtume (S.A.W.) ametukanya neno hilo, kwani humfungulia shetani mlango. Mama huyo apewe dua, chakula na mtu wa kukaa naye.

Kadari, basi, ina mahali pake. Msiba ukishapita, ni faraja ya moyo. Kabla ya msiba, si kisingizio cha uzembe. Nasi wa Pwani hula mahindi ya bara kila siku. Yaanikeni juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu. Yawekeni juu ya uchaga, penye hewa. Yaliyoota kuvu yatupeni. Msile wala msilishe mifugo. Kisha mtegemeeni Mola, kama alivyoagizwa bedui kumfunga ngamia wake kwanza, ndipo atawakali.

Wallahu aalam.