Protini Iliyoota Ncha

Njoo ukae hapa, mwanangu. Umeniuliza ni kitu gani kinachomkaba dada yako kifuani anapobanwa na pumu. Swali zuri sana hilo! Waganga wakubwa wa dunia wameliuliza kabla yako.

Mwaka 1853 daktari Mfaransa, Jean-Martin Charcot, alieleza fuwele ndogo alizoziona kwa hadubini. Hazina rangi, ni ndefu, zina ncha huku na huku. Mwaka 1872 Mjerumani mmoja, Ernst von Leyden, akazikuta fuwele hizo kwenye makohozi ya wagonjwa wa pumu.

“Makohozi, mjomba?”

Ndiyo, makohozi. Usikunje uso. Humo ndimo mlimokuwa na habari.

Watu wakazitazama, wakasema: taka tu. Miaka zaidi ya mia ikapita. Taka tu! Kumbe fuwele zile zimejengwa na protini, jina lake galektini-10. Hebu tuisikilize yenyewe.

“Mimi naishi ndani ya chembe nyeupe ya damu, iitwayo eosinofili. Humo nimeyeyuka, sina ncha, simchomi mtu. Mwenye mzio akivuta vumbi la godoro lenye vijidudu, mwili wake unashtuka, na chembe zetu zinakimbilia mapafuni. Huko zinapasuka. Tunamwagika kwenye kamasi, tunakuwa wengi mno, tunashikana. Basi tumekuwa fuwele.”

“Mjomba, kitu kilekile kitakuwaje kipole halafu kikali?”

Ah, hapo umenifurahisha! Umeiona sufuria ya maji ya chumvi iliyosahauliwa jikoni? Maji yakiwamo, chumvi huioni. Yakikauka, punje zimeganda chini, zina pembe, zinakwaruza kidole. Chumvi ni ileile. Protini yetu haingoji kukauka, yenyewe huganda kwa kuzidi wingi. Lakini ni ileile.

Mwaka 2019 wanasayansi wa Ghent, Ubelgiji, wakaamua kuipima. Panya wengine waliwekewa fuwele mapafuni. Wengine wakawekewa protini iliyobadilishwa kidogo ili isiweze kuganda. Ya fuwele ikaleta uvimbe na kamasi. Isiyoganda ikakaa kimya. Kumbe si taka!

“Mbona hawakugundua mapema?”

Panya hana galektini-10 ya kwake, mwanangu. Kwa hiyo ukimpa panya pumu ya maabara, fuwele hizi huzikuti. Mimi nalipenda sana jambo hili, maana aliyerudi kuchungulia kamasi ya binadamu ndiye aliyefumbua.

Kisha wanasayansi wale wakatengeneza kingamwili, protini nyingine inayojibandika pale galektini zinaposhikana. Fuwele zikaanza kumomonyoka, zikayeyuka. Katika panya waliotiwa fuwele, uvimbe ukapungua, na kamasi pia.

“Basi dada apewe hiyo kesho!”

Laiti ingekuwa kesho. Kuyeyusha fuwele ndani ya panya ni jambo moja, kumpa mtoto dawa ni jingine, na lazima ipimwe kwa watu kwanza. Kwa sasa dada anazo inhela zake. Moja inafungua njia ya hewa anapobanwa. Nyingine inatuliza uvimbe, na hiyo avute kila siku kama daktari alivyomwelekeza, hata siku anayoamka mzima, kwa sababu eosinofili zinaweza kuwa zimejaa mapafuni naye hajisikii chochote.