Bima Inayosoma Nyumba Badala ya Mfuko

Seremala wa jua kali mwenye miaka 61 akienda kwa kampuni binafsi ya bima, umri wake ni miongoni mwa mambo ya kwanza kuulizwa, na kadiri unavyosonga ndivyo bei inavyopanda. Bima ya Afya ya Jamii ya Kenya, inayosimamiwa na mamlaka ya SHA na iliyochukua nafasi ya mfuko wa zamani wa NHIF Oktoba 2024, haimtozi mtu zaidi kwa sababu ya uzee. Hiyo ni nafuu ya kweli. Lakini umri unapigwa marufuku mlangoni, kisha unaingilia dirishani.

Kuchangia ni lazima. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake, na hati ya malipo humaliza ubishi. Aliyejiajiri huulizwa kuhusu kaya yake: kuta ni za mawe au za udongo? Maji yanatoka wapi? Choo ni cha aina gani? Fomula hukisia kipato kutokana na majibu hayo, kisha hutoza asilimia ileile, isipungue shilingi 300 kwa mwezi.

Hapo ndipo mzee anapoumia. Nyumba ya mawe aliijenga akiwa na miaka 40, alipokuwa na nguvu na wateja tele. Leo mgongo unamsumbua, na akipata kitanda kimoja cha kutengeneza kwa wiki hushukuru. Tuseme fomula inamkadiria shilingi 40,000 kwa mwezi, ilhali anapata 15,000. Atatakiwa kutoa 1,100 badala ya 413 hivi, yaani zaidi ya asilimia 7 ya kipato chake halisi.

Isitoshe, mwajiriwa hukatwa mwezi kwa mwezi, ilhali aliyejiajiri hudaiwa mchango wa mwaka kwa mkupuo. Kwa seremala wetu ni shilingi 13,200. Enzi za NHIF angelipa 500 kila mwezi, jumla 6,000 kwa mwaka. Mpango wa mkopo wa Lipa SHA Pole Pole humgawia deni la 13,200 vipande vipande, ila haulipunguzi.

Kufuta ulazima si suluhisho. Bima ikiwa ya hiari, wazima hukaa pembeni, wagonjwa hubaki peke yao, na mfuko hukauka. Kinachohitaji kurekebishwa ni kipimo. Mfanyakazi mzee asiye na pensheni akadiriwe kwa kazi anayoifanya sasa, na aruhusiwe kulipa kila mwezi kama mwajiriwa, bila kukopa.